Mshtakiwa Asiyesema: Kesi ya Ned Kelly Mbele ya Kamera

Kati ya tanzu zote ambazo televisheni ilizirithi kutoka jukwaani, hakuna uliopata makao kwa wepesi kama mchezo wa mahakama. Sababu zake si ngumu kuzitambua. Mahakama ni jukwaa lililokwisha kujengwa: kuna kizimba, kuna kiti cha jaji kilichoinuliwa, kuna hadhira iliyoketi kimya, na kuna mavazi rasmi yanayomtambulisha kila mhusika kabla hajatamka neno. Mgogoro umo ndani yake tangu mwanzo, kwa kuwa pande mbili zinavutana juu ya tendo moja. Kilele chake nacho kinajulikana, ambacho ni hukumu. Isitoshe, mchezo wa aina hii hauhitaji farasi, mito wala milima. Katika miaka ya 1970, ambapo tamthilia nyingi za televisheni zilirekodiwa studioni kwa kamera chache, chumba kimoja chenye nyuso za kutazamwa kwa karibu kilikuwa neema kubwa kwa mtayarishaji.

Mshtakiwa anapokuwa mhalifu mashuhuri wa kihistoria, neema hiyo huzidi. Mtazamaji anakuja akiwa amekwisha kumjua mhusika kutokana na nyimbo na masimulizi, na mtunzi ana kumbukumbu za kesi za kuegemea. Mwaka 1977 shirika la taifa la utangazaji la Australia, ABC, lilitoa filamu ya televisheni kuhusu kesi ya Ned Kelly, jambazi maarufu kuliko wote katika historia ya nchi hiyo, aliyenyongwa mjini Melbourne mwaka 1880. Sinuii kuisimulia filamu hiyo onyesho kwa onyesho. Ninakusudia kuichukua kama kielelezo cha utanzu, na kupitia kwayo kuuliza swali ambalo kila mtunzi wa filamu ya namna hiyo hana budi kulijibu: pale ambapo sheria ilimnyima mshtakiwa kauli, msanii amtendeeje?

Swali hili linanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Kwa miaka kadhaa nimefundisha Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Kiswahili ya The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ambao sasa wote wawili ni marehemu. Tamthilia hiyo ilionyeshwa katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, Nairobi, mwezi wa Oktoba 1976, kiasi cha mwaka mmoja tu kabla ya filamu ya Australia. Karibu kila kundi la wanafunzi huniuliza kama Kimathi aliyasema kweli maneno hayo mahakamani. Ni swali la maana kuliko linavyoonekana. Ndani yake mna imani kwamba mahakama ndipo mahali ukweli ulipoandikwa, na kwamba kazi ya sanaa ni kuunakili. Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuipima hapa, na kesi ya Kelly inatufaa kwa upimaji huo kwa sababu iko mbali nasi kiasi cha kutuwezesha kuitazama bila jazba.

Nje ya hifadhi ya sheria

Kiswahili hakina neno moja la kumtaja mtu wa hali ya Kelly. Tuna haramia, jambazi, mhalifu, mtoro na muasi. Maneno haya yote humtaja mtu kwa tendo lake. Haramia, kwa mfano, ana uhusiano na haramu. Lakini hali iliyomfanya Kelly kuwa alivyokuwa ilitokana pia na tendo la serikali. Mwishoni mwa mwaka 1878 bunge la koloni la Victoria lilipitisha sheria ambayo kwayo Kelly, ndugu yake Dan, na wenzao wawili, Joe Byrne na Steve Hart, walitangazwa kuwa watu walio nje ya hifadhi ya sheria. Raia yeyote aliyewakuta wakiwa na silaha aliruhusiwa kuwaua bila kuwapa ilani. Zawadi iliyoahidiwa kwa vichwa vyao ilipanda hatimaye hadi kufikia pauni 8,000.

Yaliyotangulia sheria hiyo ni mengi, nami nitayapitia kwa ufupi. Kelly alizaliwa katikati ya miaka ya 1850, mtoto wa mfungwa wa Kiayalandi aliyehamishiwa Australia kwa kosa la kuiba nguruwe. Tarehe 15 Aprili 1878 askari aitwaye Fitzpatrick alifika nyumbani kwa akina Kelly kumkamata Dan. Aliondoka na jeraha mkononi, akadai kwamba Ned alimpiga risasi. Kutokana na ushahidi wake, mama yao, Ellen, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, naye akaingia gerezani na mtoto mchanga. Jaji aliyetoa hukumu hiyo alikuwa Redmond Barry. Ned na Dan walikimbilia porini. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo huo, kwenye kijito kiitwacho Stringybark, kundi la Kelly lilikivamia kikosi cha polisi wanne waliotumwa kuwasaka, na watatu kati yao, Lonigan, Scanlan na Kennedy, wakauawa. Wa nne, McIntyre, aliponyoka. Yakafuata mashambulio ya benki za Euroa na Jerilderie, na mwisho mapambano ya Glenrowan ya tarehe 28 Juni 1880, ambamo wenzake watatu walikufa na yeye akakamatwa akiwa na majeraha mengi ya risasi.

Hapa pana kitendawili ambacho mtunzi wa filamu ya mahakama anakipata bila kukitafuta. Sheria iliyokwisha kumfukuza mtu katika hifadhi yake inamwita tena ndani. Inamketisha kizimbani, inampa wakili, inamsomea shtaka kwa lugha ya adabu, kisha inamtoa kwa mara ya mwisho. Mtu ambaye jana aliweza kuuawa na mpita njia, leo anatakiwa kuulizwa kama anakiri kosa au anakana. Filamu isiyoihisi kejeli hii itabaki kuwa maigizo ya utaratibu wa sheria, hata kama mavazi yake yamefanyiwa utafiti wa kutosha.

Kumvua chuma

Ned Kelly ana historia ndefu kwenye skrini. Filamu iitwayo The Story of the Kelly Gang, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Melbourne mwishoni mwa mwaka 1906, ilizidi muda wa saa moja, na wataalamu wengi huihesabu kuwa filamu ndefu ya kwanza ya masimulizi duniani. Vipande tu vyake ndivyo vilivyosalia, na mwaka 2007 viliingizwa katika orodha ya kumbukumbu za dunia ya UNESCO. Mwaka 1970 mwanamuziki Mick Jagger aliigiza nafasi ya Kelly katika sinema. Mwaka 1980, miaka mia moja baada ya kunyongwa kwake, televisheni ya Australia ilitoa mfululizo wa The Last Outlaw, John Jarratt akiwa mhusika mkuu.

Katika mapokeo hayo yote kuna taswira moja inayotawala: mtu mrefu aliyevaa deraya ya chuma, akitokea katika ukungu wa alfajiri huku risasi zikimgonga na kuanguka. Deraya hiyo ilifuliwa kutokana na vyuma vya majembe ya kukokotwa, na uzito wake ulikuwa kama kilo 44. Iliukinga mwili na kichwa, ikaiacha miguu wazi. Na ni miguuni alikopigwa hata akaanguka. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuiona taswira hiyo asimkumbuke Fumo Liyongo, ambaye katika utendi wa Muhammad Kijumwa silaha zote hazikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Shujaa wa masimulizi anahitaji chuma na anahitaji pia mahali ambapo chuma hakifiki. Bila cha kwanza hastaajabishi, na bila cha pili hafi.

Filamu ya kesi huanza pale ambapo filamu hizo humalizikia. Humvua Kelly chuma chake. Anayeletwa mbele yetu ni kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, ambaye majeraha yake hayajapona vizuri, na ambaye kwa siku mbili nzima hatakiwi kufanya lolote ila kusikiliza. Kwa mtazamaji aliyezoea deraya, huu ni upungufu. Kwa mhakiki, hapa ndipo utanzu huu unapoanza kuwa na thamani yake, maana unamlazimisha msanii kumtafuta mtu bila msaada wa ishara iliyokwisha kumfanya sanamu.

Tukimrudia Liyongo kwa mara moja tu, tunaweza kuona tofauti nyingine. Liyongo naye alitiwa gerezani akisubiri kuuawa, lakini hakuna kesi katika utendi ule. Kuna ngoma ya gungu, kuna mkate wenye tupa ndani yake uliotumwa na mama, na kuna sauti ya mfungwa mwenyewe, ambayo mshairi anaitoa bila kuomba radhi. Msikilizaji wa utendi hamwulizi Kijumwa alipata wapi maneno hayo. Anaijua kanuni ya utanzu, kama vile msikilizaji wa ngano anavyojua maana ya kuitikia "pakawa" pale fanani anaposema "paukwa". Filamu inayojengwa juu ya kumbukumbu za mahakama hutoa ishara iliyo kinyume cha hiyo. Humwambia mtazamaji kwamba hapa hapana paukwa, hapa ndivyo ilivyokuwa. Ishara hiyo ni ahadi, na ahadi hiyo ina gharama.

Kumbukumbu na ukimya

Kesi ya Kelly ilisikizwa Melbourne tarehe 28 na 29 Oktoba 1880, mbele ya jaji yule yule, Redmond Barry, aliyekuwa amemfunga mama yake miaka miwili kabla. Shtaka lilikuwa la kumwua Lonigan. Aliyemtetea alikuwa Henry Bindon, wakili asiyekuwa na uzoefu wa kesi nzito za namna hiyo. Mashahidi wa upande wa mashtaka waliitwa mmoja baada ya mwingine. Jopo la raia kumi na wawili lilijadiliana kwa muda wa kiasi cha nusu saa, likamwona na hatia.

Kati ya sauti zote zilizosikika katika siku hizo mbili, ya Kelly karibu haimo. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mshtakiwa kutoa ushahidi kwa kiapo katika kesi yake mwenyewe. Uingereza kwenyewe haki hiyo haikupatikana kwa jumla hadi mwaka 1898. Lakini mtu huyu alikuwa na mengi ya kusema, na alikuwa amekwisha kuyasema. Mwezi wa Februari 1879, alipoteka benki ya Jerilderie, alikuwa na barua ya maneno yapatayo 8,000 ambayo Joe Byrne aliiandika kwa imla yake. Alitaka ichapishwe. Hakumpata mchapishaji, akaiacha mikononi mwa karani wa benki, naye akaipeleka kwa wakubwa. Humo Kelly anaeleza kwa hasira, kwa kejeli na kwa matusi jinsi familia yake ilivyoandamwa na polisi, na anadai kwamba aliua kwa kujikinga. Barua hiyo haikusomwa mbele ya wale kumi na wawili, wala haikuchapishwa kwa ukamilifu hadi karne ya 20.

Mwishoni, baada ya hatia kutangazwa, mahakama ilimwuliza swali la desturi: ana lolote la kusema kabla ya hukumu? Hapo ndipo mlango ulipofunguka kidogo. Pakatokea mabishano kati ya mshtakiwa na jaji, ambayo ni nadra katika historia ya mahakama. Kelly alisema kwamba laiti angewahoji mashahidi yeye mwenyewe, mambo yangeonekana kwa sura nyingine. Barry alimjibu, naye akajibu tena. Hukumu ya kifo ilipotamkwa na jaji kumwombea rehema ya Mungu, Kelly aliongeza kwamba watakutana huko aendako. Alinyongwa tarehe 11 Novemba 1880, ingawa zaidi ya watu 30,000 walitia saini ombi la kumwokoa. Barry alifariki tarehe 23 Novemba, siku kumi na mbili baadaye.

Mtunzi gani atayaacha mambo haya? Lakini ni lazima tujiulize tunayajua kwa njia gani. Mabishano yale yametufikia hasa kupitia kwa waandishi wa magazeti waliokuwa chumbani, kila mmoja na penseli yake. Hata maneno yanayosemekana kuwa ya mwisho ya Kelly, yale yanayofahamika kwa maana ya "ndiyo maisha", hayakuripotiwa kwa namna moja na wote. Kumbukumbu tunayoiita ya kweli ni matini iliyopita katika masikio na mikono ya watu. Ina watunzi.

Kwa maoni yangu, mtunzi mkubwa kuliko wote katika matini hiyo ni shtaka lenyewe. Katika uhakiki wetu tumezoea kusema kwamba msuko ndio unaoamua ni tukio lipi linaingia na lipi linabaki nje. Mahakamani kazi hiyo hufanywa na shtaka. Kwa kuwa Kelly alishtakiwa kwa kifo cha Lonigan, swali la pekee lenye uzito lilikuwa ni kitu gani kilitokea katika dakika chache za jioni moja kando ya kijito. Mashamba madogo yasiyotosha, ugomvi wa wakulima maskini na wafugaji wakubwa, ushahidi wa Fitzpatrick ambaye alikwisha kufukuzwa kazi ya polisi mwaka huo huo wa 1880, mama aliye gerezani katika mji ule ule, yote hayo yalikuwa nje ya msuko. Tume ya uchunguzi ya mwaka 1881 ililikosoa vikali jeshi la polisi la Victoria, lakini wakati huo mshtakiwa alikuwa kaburini.

Kwa hivyo filamu inayojifungia ndani ya kumbukumbu kwa nia njema ya kusema kweli inajikuta imeukubali msuko uliosukwa na upande wa mashtaka. Imekuwa aminifu kwa maneno, na uaminifu huo umeirudisha sauti ya Kelly pale pale sheria ilipoifungia. Njia ya pili, inayovutia zaidi, ni kuichukua ile barua na kuitia kinywani mwa mshtakiwa, ili asimame kizimbani na kulihutubia jopo kwa ufasaha. Mtazamaji atafurahi. Lakini atakuwa amenyang'anywa jambo kubwa kuliko yote katika kesi hiyo, yaani kwamba hotuba hiyo haikusikika. Filamu itakuwa imemfariji kwa kumpa haki ambayo Kelly hakuipata.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa ya kisanaa, nayo ni kuufanya ukimya wenyewe usikike. Televisheni ina nyenzo ambayo jukwaa halina. Jukwaani, mhusika asiyesema hufifia baada ya dakika chache, kwani macho ya hadhira humfuata msemaji. Kamera inaweza kumwacha shahidi aseme nje ya fremu huku ikiushikilia uso wa anayesikiliza maisha yake yakielezwa na wengine. Inaweza kutuonyesha penseli ya mwandishi wa gazeti ikisimama, ikakiacha alichoona hakina maana. Inaweza kutuonyesha barua ikiwa imekunjwa mahali fulani, bila kuisoma. Mtunzi anayefanya hivi hajaongeza neno hata moja katika kumbukumbu, lakini ametuonyesha jinsi ilivyotengenezwa. Na pale swali la desturi linapoulizwa mwishoni, mtazamaji atakuwa amelisubiri kwa muda mrefu kiasi cha kuzielewa zile sentensi chache zina uzito gani.

Waliokufa nao hawasemi

Hata hivyo, haki ya ukimya haimhusu Kelly peke yake. Lonigan na Kennedy waliacha wajane na watoto. Wao, pamoja na Scanlan, walikuwa Wayalandi, kama alivyokuwa McIntyre, kama alivyokuwa jaji Barry, na kama alivyokuwa baba wa mshtakiwa. Hili linamzuia mtunzi kuigeuza kesi kuwa ugomvi mwepesi wa Mwayalandi na Mwingereza. McIntyre, aliyekuwa amejisalimisha kabla ya wenzake wawili kufika, aliruka juu ya farasi wa Kennedy, akatoroka, akajificha usiku katika shimo la mnyama, kisha akatembea hadi mji wa Mansfield kutoa habari. Miaka miwili baadaye alitakiwa kusimama mahakamani na kuirudia jioni ile neno kwa neno, mbele ya mtu ambaye ushahidi huo ungemnyonga. Filamu inayomfanya McIntyre kuwa mwongo tu, au mwoga tu, imekwepa kazi yake. Alikuwa shahidi pekee upande wa polisi aliyebaki hai, na hatima ya utetezi ilitegemea jinsi alivyokumbuka kama Lonigan alikuwa ameitoa bastola yake au la.

Barry naye si jini wa ngano. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Melbourne na mmoja wa waanzilishi wa maktaba ya umma ya mji huo, iliyokuwa wazi kwa maskini na matajiri. Katika miaka ya 1840, akiwa wakili, aliwatetea mahakamani wenyeji wa asili walioshtakiwa. Mtu mwenye sifa hizo kuikalia kesi ya mwana baada ya kumfunga mama ni jambo linalotisha zaidi kuliko kama angekuwa katili wa kawaida, kwa sababu linaonyesha kwamba udhalimu hauhitaji jaji mbaya. Maktaba hiyo aliyoiasisi, inayojulikana leo kwa jina la Maktaba ya Jimbo la Victoria, ndiyo iliyopokea barua ya Jerilderie mwaka 2000 na kuihifadhi. Barua iliyokosa kusomwa mbele ya Barry imepata makao katika nyumba ya Barry. Hakuna mtunzi wa riwaya ambaye angethubutu kubuni kejeli ya namna hiyo.

Na kuna ukimya mwingine ulio mpana zaidi. Ardhi ambayo akina Kelly waliigombania na wafugaji matajiri ilikuwa imekwisha kuporwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa Australia. Katika msako wa Kelly, watu hao wanaonekana tu kama wafuata nyayo waliotolewa Queensland na kuajiriwa na polisi. Hawamo katika shtaka, hawamo katika utetezi, wala hawamo katika ile barua isipokuwa kwa pembeni. Mhakiki anayetaka kumlinganisha Kelly na wapiganaji wetu wa msituni hana budi kulikumbuka hili. Kelly alikuwa mtoto wa walowezi maskini aliyegombana na walowezi wenye nguvu. Kimathi alipigania ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Kufanana kwa kesi zao si kufanana kwa madai yao.

Nyeri, 1956

Kufanana huko kwa kesi, hata hivyo, kunatufundisha jambo. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri mwezi wa Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee wa baraza watatu Waafrika. Hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Shtaka lilikuwa kupatikana na bastola na risasi bila kibali, kosa ambalo chini ya sheria za hali ya hatari adhabu yake ilikuwa kifo. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hapa tena shtaka lilifanya kazi ya msuko. Bastola moja na risasi chache ziliingia. Ardhi, uhuru na kambi za kizuizini vikabaki nje ya mlango.

Ngugi na Micere waliitunga tamthilia yao wakati ambapo kumbukumbu za kesi hiyo hazikuwa mikononi mwa umma. Kimathi wao huikataa mahakama yenyewe, na kesi inageuka kuwa mfululizo wa majaribu ambamo mabepari, wanasiasa na makasisi wanakuja kumshawishi. Ni tamthilia iliyoukataa msuko wa shtaka tangu ukurasa wa kwanza, na kwa maana hiyo ilijibu swali la insha hii kwa njia yake: ilikwenda upande wa utendi, ambako mshairi humpa shujaa sauti bila kuomba radhi.

Mwaka 2017 kumbukumbu za kesi zilichapishwa katika kitabu Dedan Kimathi on Trial, kilichohaririwa na Julie MacArthur. Tofauti na Kelly, Kimathi aliruhusiwa kutoa ushahidi, na aliutoa. Lakini Kimathi wa kumbukumbu hahutubii taifa. Anaeleza kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Nimewaona wanafunzi wakihuzunika wanapofika hapo, kana kwamba wameibiwa kitu. Baadhi yao hukimbilia kusema kwamba tamthilia ilidanganya. Wengine husema kwamba kumbukumbu ni uzushi wa mkoloni. Majibu yote mawili yanatokana na ile imani niliyoitaja mwanzoni, kwamba mahakama ndipo ukweli unapoandikwa, au basi hapana ukweli kabisa.

Ninachowaomba wafanye ni kuisoma kumbukumbu hiyo kama wanavyosoma tamthilia, yaani kwa kuuliza nani anasema, kwa nani, kwa lugha ipi na chini ya tishio gani. Anayesema ni majeruhi anayekabiliwa na kitanzi. Anaulizwa maswali aliyochaguliwa na wengine. Maneno yake yanapita kwa mkalimani na kutua katika Kiingereza cha karani. Katika mazingira hayo, kauli ya kwamba nilikuwa nakuja kujisalimisha ni utetezi pekee ambao shtaka lile liliuachia nafasi. Haitoshi kuthibitisha kwamba mtu huyo alivunjika moyo, na wala si halali kuifuta ili sanamu iliyosimamishwa katika barabara yenye jina lake jijini Nairobi mwaka 2007 isitikisike.

Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba filamu ya televisheni inayoigiza kesi ya mhalifu wa kihistoria hukabiliwa na mtihani ambao filamu ya mapigano haiujui. Ikifuata kumbukumbu peke yake, huwa mateka wa shtaka. Ikiiacha kumbukumbu na kumpa mshtakiwa ufasaha wa kubuni huku ikiendelea kudai kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa, huivunja ahadi iliyoweka na mtazamaji. Tamthilia ya jukwaani na utendi vina uhuru wa kuchagua njia hiyo ya pili, kwa kuwa kanuni zake zinajulikana. Filamu yenye sura ya ushahidi haina uhuru huo, ila ina kamera, na kamera inaweza kuonyesha mtu akinyimwa neno.

Siku moja, bila shaka, mtunzi wa Kenya ataiandikia televisheni kesi ya Nyeri akiwa na kumbukumbu zote mezani. Atapata humo maneno mengi ya jaji, ya mawakili na ya mashahidi, na maneno ya Kimathi yaliyofasiriwa. Litakalopima kazi yake ni jinsi atakavyomtumia mkalimani. Akimwondoa ili mchezo uende haraka, na kumfanya Kimathi azungumze Kiingereza au Kiswahili moja kwa moja na jaji, atakuwa ameufuta umbali uliokuwepo kati ya kizimba na kiti. Akimwacha, pamoja na kusubiri kwake, na kukatishwa kwake, na zile nukta ambamo jibu refu la Gikuyu linatoka likiwa fupi upande wa pili, mtazamaji ataiona kesi yenyewe ilivyokuwa.